Rangi Zilizofichwa Chini ya Weupe wa Bulteria

Bulteria mweupe ni mbwa wa rangi aliyefunikwa. Katika kila seli ya mwili wake amebeba maelekezo kamili ya kuwa mwekundu, wa milia, au mweusi mwenye mashavu ya hudhurungi. Alichokosa ni seli za kuzitia nywele zake rangi hiyo. Ukilishika jambo hili moja, mengi kuhusu aina hii ya teria hufunguka: kwa nini wazazi wawili wa milia huzaa mtoto mweupe pe, kwa nini jike mweupe huweza kuzaa watoto wa milia ambayo baba yao hana, na kwa nini baadhi ya hao weupe huzaliwa na sikio moja au yote mawili yasiyosikia.

Mbwa wa Birmingham

Mapigano ya mbwa yalipigwa marufuku Uingereza kwa sheria ya mwaka 1835, lakini mbwa waliotumiwa humo hawakutoweka. Walikuwa mchanganyiko wa buldogi na teria, wenye sura mbalimbali na karibu kila rangi. James Hinks, mfanyabiashara wa wanyama mjini Birmingham, aliwachukua mbwa hao akawachanganya na teria mweupe wa Kiingereza, aina ambayo leo haipo tena duniani, na inaaminika kwamba alitumia pia Dalmatia. Kufikia mwaka 1862 mbwa wake weupe, wenye umbo nadhifu kuliko wazee wao wa ulingoni, walikuwa wakionekana kwenye maonyesho. Wateja wa tabaka la juu waliwapenda, na weupe wenyewe ukawa hati ya ukoo: asiye mweupe hakuhesabiwa.

Hinks hakuwa na namna ya kujua gharama ya uchaguzi wake. Dalmatia ni kati ya aina za mbwa zinazoongoza kwa uziwi wa kuzaliwa. Huko Marekani karibu asilimia 30 ya waliopimwa wana walau sikio moja lisilosikia. Teria mweupe wa Kiingereza naye alikuwa na sifa hiyo hiyo mbaya. Alipokusanya weupe kutoka pande hizo, aliukusanya na uziwi.

Rangi zilirudi mwanzoni mwa karne ya 20, wafugaji wachache wakiongozwa na Ted Lyon walipowapandisha bulteria weupe na mbwa wa Staffordshire ili kuirudisha milia. Walipingwa vikali. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba damu ya rangi ingeuchafua ukoo mweupe, na hata mtoto mweupe aliyezaliwa na mzazi wa rangi alitazamwa kwa shaka kwa miaka mingi. Kibiolojia hoja hiyo haikuwa na msingi wowote, kama tutakavyoona. Marekani ililimaliza suala hilo mwaka 1936 kwa kuwatenga: weupe wakashindana peke yao na wa rangi peke yao, utaratibu ulioendelea hata baada ya hapo. Katika maonyesho ya Westminster ya New York, bulteria mweupe aitwaye Haymarket Faultless alishinda taji la mbwa bora kuliko wote mwaka 1918. Bulteria wa rangi alisubiri hadi mwaka 2006, alipotwaa taji hilo mbwa aliyejulikana kwa jina la Rufus.

Nyekundu, nyeusi na milia

Tuanze na mbwa asiyefunikwa. Nywele za mbwa zina aina mbili tu za rangi asilia. Eumelanini ni nyeusi. Feomelanini ni nyekundu, kuanzia wekundu wa kutu hadi rangi ya mchanga mkavu. Seli za aina moja, ziitwazo melanosaiti, hutengeneza zote mbili. Itoke ipi, huamuliwa na kipokezi kilichopo kwenye uso wa seli, MC1R, ambacho hufanya kazi kama swichi: kikiwashwa, seli hutoa nyeusi, kikizimwa, hutoa nyekundu. Jeni kadhaa hugombania swichi hiyo, na rangi ya mbwa ni matokeo ya ugomvi huo.

Ya kwanza ni jeni ya aguti, iliyopo kwenye kromosomu ya 24. Protini yake huizima swichi. Bulteria wana aleli zake mbili, yaani matoleo mawili ya jeni hiyo, zinazohusika hapa. Ile iandikwayo Ay huizima karibu mwili mzima, na mbwa huwa mwekundu au wa rangi ya mchanga. Ile iandikwayo at huizima mahali pachache tu: mashavuni, alama mbili juu ya macho, kifuani, miguuni na chini ya mkia. Mgongo na mbavu hubaki nyeusi. Ongeza hapo alama nyeupe za usoni, kifuani na miguuni, utapata mbwa ambaye wafugaji humwita wa rangi tatu. Kwa kuwa Ay huitawala at, mbwa wa rangi tatu lazima awe amepokea at kwa baba na kwa mama. Wazazi wawili wekundu wanaweza kumzaa, ikiwa kila mmoja ameificha nakala moja.

Ya pili ndiyo iliyowashangaza wanasayansi. Clarence Cook Little, mtaalamu wa urithi aliyefanya kazi katika maabara ya Jackson huko Maine, Marekani, alichapisha mwaka 1957 kitabu kilichokuwa msingi wa elimu ya rangi za mbwa. Herufi tunazotumia hadi leo zinatokana kwa sehemu kubwa na kazi yake. Lakini milia alikosea mahali pa kuiweka: aliihesabu kuwa mojawapo ya aleli za jeni ya E, ambayo ndiyo MC1R yenyewe. Ilichukua miaka 50 hadi mwaka 2007 kwa watafiti, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Stanford, kuonyesha kwamba milia na weusi tawala vinatoka kwenye jeni nyingine kabisa, CBD103, iliyopo kwenye kromosomu ya 16. Protini yake ni ya jamii ya beta-defensini, ambayo kazi yake inayojulikana ni kuua vijidudu kwenye ngozi. Hakuna aliyetarajia kuikuta kwenye masuala ya rangi. Kumbe nayo hukishika kile kipokezi, na ikikishika, aguti haipati nafasi.

Jeni hiyo, tuiite K kama wafanyavyo wafugaji, ina aleli tatu zinazotawalana kwa ngazi. KB humfanya mbwa kuwa mweusi mwili mzima, na haina nafasi katika rangi zinazotambuliwa za bulteria. Chini yake ipo kbr, aleli ya milia. Ya mwisho ni ky, ambayo huiachia aguti uwanja. Mbwa mwenye kbr ana makundi ya seli yanayoishi jirani bila kukubaliana: moja hutoa nyeusi, la pili hutoa nyekundu. Makundi hayo hupangika mapema, mbwa akiwa bado tumboni, na kadiri seli zinavyoongezeka na kusambaa ndivyo yanavyonyooka kuwa mistari. Ndiyo maana hakuna mbwa wawili wenye milia inayolingana, hata ndugu wa tumbo moja.

Kuna jambo ambalo anayenunua mtoto wa mbwa husahau kirahisi. Milia huonekana mahali penye wekundu tu. Penye weusi wa at haina pa kujichora. Mbwa mwenye Ay na kbr ni wa milia mwili mzima. Mwenye nakala mbili za at pamoja na kbr ni mweusi mgongoni, na milia yake utaikuta mashavuni na miguuni, pale ambapo ndugu yake wa rangi tatu ana hudhurungi safi. Huyo ndiye huitwa milia-nyeusi. Kwa mbali anaonekana mweusi mwenye nyeupe na basi. Msogelee, mshike shavu, umgeuze kuelekea jua, na mistari itajitokeza.

Kwa sababu kbr hutawala ky, mbwa mwekundu safi lazima awe na ky mbili. Wekundu wawili wakizaa mtoto wa milia, mfugaji aanze kuuliza ni dume gani mwingine aliyeingia bandani.

Hapo sijaitaja barakoa, ile aleli ya MC1R inayoutia weusi mdomo na uso. Bulteria mwekundu mwenye uso uliofifia kuwa mweusi, mara nyingi pamoja na ncha nyeusi za nywele mgongoni, ni wa kawaida kabisa, na kwa macho yangu ndiye mzuri kuliko wote, ingawa kanuni za maonyesho husema kwamba mbwa wawili wakilingana kwa mengine yote, wa milia ndiye apendelewe.

Weupe unavyofunika

Melanosaiti hazizaliwi kwenye ngozi. Kiinitete kikiwa kichanga, seli mama zake huchipuka kwenye mstari wa mgongo, mahali panapotengenezwa neva, kisha husafiri kuteremka mbavuni, kuelekea tumboni, miguuni na usoni. Safari hiyo ni ndefu, na sehemu za mwisho kufikiwa ni kifua, vidole, ncha ya mkia na mstari wa katikati ya uso. Seli zikiwa chache, au zikichelewa, au zikifia njiani, sehemu hizo hubaki bila seli za rangi, na nywele zisizo na seli za rangi huota nyeupe. Ndiyo maana alama nyeupe za mbwa mara nyingi zina mpangilio ule ule: soksi, kifua, ncha ya mkia, mstari wa usoni.

Idadi na uhai wa seli hizo husimamiwa, pamoja na mengine, na jeni MITF kwenye kromosomu ya 20. Bulteria wana sehemu yao katika ugunduzi huo. Mwaka 2007 Elinor Karlsson na wenzake walitafuta chanzo cha weupe kwa kulinganisha DNA ya mbwa aina ya boksa walio weupe na boksa wasio na doa. Walitumia mbwa chini ya 20 tu, kisha wakawageukia bulteria kuthibitisha. Jibu lilikuwa lile lile kwa aina zote mbili. Tofauti haiko katika protini yenyewe. Iko katika eneo la DNA lililo jirani na mwanzo wa jeni, linaloamua jeni isomwe kwa nguvu kiasi gani ndani ya seli za rangi.

Kwa wafugaji, hesabu yake ni rahisi. Tuandike S kwa aleli ya rangi kamili na sw kwa aleli ya weupe uliokithiri. Mwenye S mbili ana rangi mwili mzima, au na alama ndogo tu kifuani na vidoleni. Mwenye S moja na sw moja ana rangi mgongoni, lakini shingo, kifua, miguu na mstari wa usoni ni vyeupe. Huyu ndiye bulteria wa rangi anayevutia majaji. Mwenye sw mbili ni mweupe, pengine akiwa na baka moja jichoni au sikioni.

Sasa wapandishe wawili wa kundi la kati, wale wanaopendwa maonyeshoni. Kwa wastani, robo ya watoto watakuwa weupe, nusu watafanana na wazazi, na robo watakuwa na rangi mwili mzima. Mtoto mweupe katika uzao huo ni tunda la kawaida la wazazi wake, wala hana damu chafu wala safi kuliko mwingine. Mweupe aliyezaliwa na wazazi wa rangi ana sw mbili sawasawa na mweupe ambaye mababu zake wote walikuwa weupe tangu enzi za Hinks. Weupe wawili wakipandishwa watazaa weupe watupu, ndiyo sababu ukoo ule ulionekana “safi” kwa vizazi na vizazi: chini ya kifuniko, aguti na milia viliendelea kurithishwa kimyakimya bila mtu kuviona.

Wafugaji wazoefu walijua kukisoma kifuniko hicho kabla maabara hazijaanza kupima DNA. Njia ya kwanza ni baka la kichwani. Bulteria mweupe mwenye baka la jicho anaonyesha hapo rangi ambayo mwili wake wote ungekuwa nayo: baka la milia lina maana kwamba anabeba kbr, baka jekundu lina maana kwamba hana. Njia ya pili ni uzao. Mpandishe jike mweupe asiye na baka na dume mwekundu safi. Ikiwa mtoto hata mmoja ametoka wa milia, aleli hiyo imetoka kwa mama, kwa sababu baba hana cha kutoa. Mama wa namna hii anathaminiwa sana na mfugaji anayetaka milia, na hapo ndipo zile hoja za zamani za usafi wa damu zilipoanza kupungua nguvu zenyewe.

Mbona mweupe mmoja ana baka na ndugu yake mwenye jeni zile zile hana? Kwa sababu safari ya seli ina bahati ndani yake. Jeni hupanga zisafiri ngapi. Hazipangi ni ipi itafika kwenye jicho la kushoto. Ndiyo maana huwezi kuchagua mbwa mwenye baka la kulia ukategemea watoto wenye baka la kulia.

Weupe huu usichanganywe na aina nyingine mbili. Mnyama zeruzeru ana seli za rangi mahali pake pote, ila haziwezi kutengeneza melanini, hivyo macho yake hukosa rangi. Bulteria mweupe ana macho ya giza na pua nyeusi. Na teria mweupe wa nyanda za magharibi ya Scotland, yule mdogo wa manyoya marefu, ni mweupe kwa njia tofauti kabisa: swichi yake ya MC1R imeharibika, anaweza kutoa feomelanini tu, na hiyo nayo imefifishwa hadi inaonekana nyeupe. Seli zake za rangi zipo mwili mzima, ndani ya sikio pia. Ukiwasimamisha mbwa hawa wawili pamoja, wote utawaita weupe, lakini hatari iliyopo kwa mmoja haipo kwa mwenzake.

Halafu vipo vitone. Baadhi ya weupe huzaliwa safi, kisha vitone vidogo vya rangi hujitokeza katika miezi ya kwanza, jambo ambalo kwa Dalmatia ndilo uzuri wake na kwa bulteria huhesabiwa dosari. Vingine hubaki kwenye ngozi tu. Mwogeshe bulteria mweupe, na manyoya yake mafupi yakilowa na kulala, utaona madoa ya kijivu yametapakaa kwenye ngozi ya tumbo na mbavu. Akikauka, yanapotea machoni.

Sikio lisilo na rangi

Ndani ya sikio, kwenye koklea, kuna ukanda mwembamba wa tishu uliojaa mishipa ya damu, ambao huhifadhi kiwango cha potasiamu kwenye majimaji yanayozunguka seli za kusikia. Miongoni mwa seli za ukanda huo ni melanosaiti, zilizotoka kwenye chipukizi lile lile la mgongoni. Zisipofika, ukanda huanza kuharibika wiki chache baada ya kuzaliwa, na seli za kusikia hufa baada yake. Seli hizo hazioti tena. Mtoto anakuwa kiziwi kabla hajatimiza wiki sita.

George Strain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, aliyetumia miaka mingi kupima masikio ya mbwa, alichapisha mwaka 2004 takwimu za mamia ya bulteria. Kati ya weupe, karibu asilimia 20 walikuwa na uziwi wa sikio moja au yote mawili. Kati ya wa rangi, ilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Sijui takwimu nyingine katika ufugaji wa mbwa inayostahili kurudiwa mara nyingi zaidi ya hiyo.

Kwa kuwa kila sikio hupokea seli zake lenyewe, uziwi wa upande mmoja ni wa kawaida, na ndio unaowapita watu wengi. Mbwa wa namna hii huitika akiitwa, huamka akisikia bakuli, hucheza na wenziwe. Humtofautishi na mzima isipokuwa labda kwa kusitasita anapotafuta sauti imetoka wapi. Hata kiziwi kamili huwadanganya watu akiwa katikati ya ndugu zake, kwa sababu wao wakiinuka naye huinuka. Kupiga makofi nyuma ya kichwa chake hakutoshi: huhisi upepo wa viganja na mtikisiko wa sakafu. Kipimo cha kuaminika ni cha umeme wa neva. Sindano nyembamba huwekwa chini ya ngozi ya kichwa, sauti za kugongagonga huingizwa sikio moja baada ya jingine, na kompyuta huchora mwitikio wa ubongo. Sikio zima huchora vilele kadhaa. Sikio kiziwi huchora mstari ulionyooka. Mtoto hupimwa kuanzia wiki ya tano au ya sita, na kipimo chenyewe huchukua dakika chache.

 

Wafugaji wanaweza kufanya nini? Uziwi huu hauendi kwa hesabu nyepesi ya aleli moja. Sw huandaa mazingira, na mengine mengi pamoja na bahati huamua. Wazazi wazima wanaweza kuzaa kiziwi. Lakini uwezekano hupungua mbwa kiziwi anapoondolewa kwenye uzazi, hata akiwa kiziwi wa sikio moja tu, na hapo ndipo mfugaji hupimwa uaminifu wake: kumwacha kando mbwa mzuri, mshindi, ambaye hakuna jirani atakayegundua dosari yake. Baka la kichwani nalo si la kudharauliwa. Kwa Dalmatia imethibitika kwamba wenye mabaka ya kuzaliwa ni viziwi mara chache zaidi, na wenye macho ya buluu mara nyingi zaidi, kwani vyote ni ishara ya seli ngapi zilifika kichwani. Kanuni za bulteria hazimwadhibu mweupe kwa alama za kichwani, na macho ya buluu huyakataa. Hapo zimekwenda sawa na afya. Majaji ambao bado humpendelea mweupe pe kuliko mwenye baka ndio wanaonisikitisha.

Ngozi isiyo na seli za rangi pia haina kinga dhidi ya jua. Bulteria weupe huungua tumboni na kwenye mapaja, na kuungua kwa miaka kunaweza kugeuka saratani ya ngozi. Karibu na ikweta, ambako jua la mchana huja wima, anayemfuga anahitaji kivuli cha uhakika kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Kuna ugonjwa mmoja ambao rangi yenyewe hutoa ishara yake. Akrodamatitisi ya kuua huwapata watoto wa bulteria waliopokea nakala mbili za hitilafu kwenye jeni MKLN1, iliyotambuliwa mwaka 2018. Watoto hao hukua polepole, nyayo zao hupasuka na kuota magamba, na wengi hufa kabla ya miaka miwili. Walio wa rangi huonekana wamepauka kuliko ndugu zao. Kwa kuwa hitilafu hiyo ni ya aleli iliyofichika, wazazi huonekana wazima kabisa, lakini kipimo cha DNA huwatambua wabebaji, na mbebaji akipandishwa na asiyebeba hakuna mtoto atakayeugua.

Maabara leo zinasoma kwa tone la mate karibu yote yaliyoelezwa hapa: Ay na at, barakoa, S na sw, hata milia, ingawa hii ya mwisho imekuwa ngumu kuisoma kwa sababu muundo wa DNA yake una marudio. Mfugaji anaweza kujua kabla ya kupandisha kama jike wake mweupe ataleta wekundu, milia au rangi tatu. Kuhusu masikio bado hakuna kipimo cha DNA, hivyo cheti cha kuomba kwa anayeuza mtoto mweupe ni kile cha kipimo cha neva, chenye matokeo ya kila sikio yakiandikwa peke yake, cha mtoto mwenyewe na cha wazazi wake wote wawili.